Kiambatisho Namba Saba

Saa nne na nusu asubuhi karani Trilok Sahay aliingia ofisini, akavua sweta lake la kahawia, akalivisha mgongo wa kiti, akatoka kwenda kunywa chai. Sweta likabaki kazini. Kila mtu katika ofisi ya wilaya alijua maana yake: karani yupo, ila kwa sasa hayupo kitini. Kwenye benchi la korido Ramrati Pandit, mfinyanzi wa kijiji cha Semrauni, mjane wa miaka hamsini na miwili, alikuwa amekaa tangu saa mbili na faili lake mapajani. Alikuwa anainuka, anachungulia lile sweta, anakaa, anainuka tena.

"Tulia, mama," mlinzi akamwambia. "Benchi litashika moto."

"Acha lishike. Kwa baridi hii nani atalalamika?"

Kutulia angetulia vipi? Zilikuwa zimebaki siku kumi na tisa. Gulio la Semrauni hufanyika mara moja kwa mwaka, kwenye mwezi mpevu wa Magh, wakati wa baridi, mavuno yakiwa ndani. Mwaka wa kwanza lilizuiwa kwa maradhi ya ng'ombe. Mwaka wa pili likazuiwa kwa uchaguzi. Na sheria inasema uwanja wa gulio ukikaa miaka mitatu mfululizo bila gulio si uwanja wa gulio tena, ni ardhi tupu. Sasa ardhi tupu ya Semrauni ilikwisha kupata mchumba. Mwenye ghala la baridi la viazi alishapeleka mawe na mchanga, akavimwaga pembeni, anangoja tarehe. Pembeni hapohapo ndipo wafinyanzi wanapochimba udongo wao, tangu enzi za babu wa babu zao. Uwanja ukienda, udongo umekwenda, na mfinyanzi asiye na udongo ni mtu wa kukaa kutazama mikono yake tu.

Ombi la kibali lilitaka viambatisho saba. Sita Ramrati alikuwa navyo, kavihangaikia miezi miwili: vitambulisho, orodha ya vibanda, idadi ya vyoo, ramani ya visima, kiapo, picha yake mwenyewe iliyomtoa kama mwizi wa kuku. Cha saba kiliitwa "ushahidi wa uwanja." Mtunza daftari la ardhi alimwambia ukurasa wa Semrauni umeliwa na mchwa.

"Sasa nifanyeje?" aliuliza Ramrati.

"Hata mimi sijui. Mchwa ni viumbe wa Mungu, nitawashtaki wapi?"

Basi Ramrati akaleta uwanja wenyewe. Ilikuwa konzi moja ya udongo wa katikati, pamoja na manjano, punje tano za mchele na kipande cha popoo, vyote vimefungwa kwenye kitambaa chekundu. Ndiyo desturi ya Semrauni. Kabla hujamwalika mtu yeyote kwenye gulio, unaualika uwanja. Kifurushi kinakaa kwa mama mkubwa wa wafinyanzi mpaka siku ya mwezi mpevu, ndipo kinafunguliwa, na pale kinapofunguliwa ndipo gulio linapofunguka. Hakuna mchuuzi aliyewahi kutumiwa barua wala kupigiwa simu. Miguu yao yenyewe hujua. Mama mkwe wake Ramrati alimwachia kifurushi hicho akiwa kitandani, anakata roho, akamwambia asikitoe nje ya kijiji. Ramrati alikumbuka maneno hayo vizuri sana. Lakini alikuwa amechoka na kuzungushwa, na ofisi inataka ushahidi, jamani, ushahidi gani mkubwa kuliko huu?

Sahay alirudi saa sita, akalivaa sweta, akaketi.

"Hiki nini, mama?"

"Uwanja."

"Wote?"

"Wenyewe. Ila usiufungue, Bwana Sahay, nakuomba. Gonga muhuri hapo juu, inatosha."

"Mama, serikali haigongi muhuri kwenye kitu isichokiona." Fundo lilikuwa gumu, akalifungua kwa meno.

Udongo ukamwagika kidogo kwenye ukurasa wa nne wa ombi. Karatasi ikatuna. Ikaanza kunuka samli ya moto, halafu kwa ndani ngoma ikalia, na gurudumu la bembea likasikika likilalamika kama kawaida yake, maana ekseli yake haijawahi kutiwa mafuta. Sahay akasukuma miwani juu. Akaingiza kidole kwenye ukurasa, kisha mkono mzima hadi kwenye kiwiko, akautoa na jalebi ya moto inayodondosha shira. Akaila. Akafuta vidole kwenye pambizo la ombi, akachukua kalamu, akaandika: "Kiambatisho namba saba kimepokelewa. Kina sauti na harufu. Kipelekwe kwa wakaguzi."

"Nifungie uwanja wangu," Ramrati akasema.

"Kiambatisho kikishapokelewa hakirudishwi. Njoo Jumatatu."

Hakungoja Jumatatu. Alhamisi alikuwa pale getini tena, na wachuuzi nao wakawa wanafika. Walikuja wahunzi na majembe yao, wauza mablanketi, wauza sukari guru, mtu wa bembea na mbao zake juu ya mkokoteni, na bwana mmoja na nyati wake wawili wa kuuza. Mlinzi aliwaandikisha wote kwenye daftari: jina, kijiji, saa ya kuingia. Safu ya saa ya kutoka aliiacha wazi. Walipanda ngazi, wakafika kwenye meza ya Sahay, wakapangusa miguu, wakafunua jalada la faili, wakaingia. Nyati iliwabidi wainamishe pembe. Mmoja alichafua sakafu, na mfagizi akanung'unika siku nzima.

Wa mwisho alikuwa Mustaqim, muuza bangili wa Semrauni, na kapu lake kichwani. Mumewe Ramrati na Mustaqim walikua pamoja, kwa hiyo ni shemeji yake, na utani wa shemeji haujui ofisi.

"Shemeji! Unahamisha gulio hata hutuambii? Au umeolewa na karani?"

"Mdomo huo utakuponza. Mustaqim, usiingie humo. Ile ni karatasi."

"Wallahi, miaka thelathini naingia pale kifurushi kinapofunguliwa. Leo nibaki nje nimuuzie nani, wewe? Mkono wenyewe kama sepetu, bangili zangu zikikuona zinavunjika kwa hofu."

Ramrati alicheka, japo roho ilikuwa juu. "Mkeo Sabiran umemuaga?"

"Nimemwambia Jumapili nipo nyumbani." Akasema bismillahi, akatanguliza mguu wa kulia, akaingia.

Kwenye jalada Sahay alikuwa amekwisha kugonga muhuri mwekundu: KWA MATUMIZI YA OFISI TU. Kwa hiyo watu wa Semrauni waliokuja kuchungulia walirudishwa. Ramrati naye alirudishwa, maana mwombaji haruhusiwi kuona ndani ya faili lake mwenyewe. Aliambiwa hivyo kwa upole, akaonyeshwa na kifungu.

Faili likaanza safari ya wakaguzi. Kila mkaguzi alitakiwa kuandika mistari miwili tu, kwamba hana pingamizi, na kulisukuma mbele. Afisa wa polisi alilichukua kukagua usalama, akakaa nalo siku nne, akaonekana na blanketi jipya begani. Bwana afya alikagua kila karai la mafuta, na yaliyompa mashaka akayakagua mara mbili. Jumamosi wake wa maofisa walikuja na watoto, wakapewa vikaratasi vya ruhusa, na kutwa nzima korido ilisikia watoto wakipiga kelele kwenye bembea. Hakuna aliyekuwa na pingamizi. Wote walilisifu gulio. Lakini ukiandika mistari miwili faili linaondoka mezani kwako, sasa nani mpumbavu wa kuandika?

Ramrati akawa anatoka mlango huu anakimbilia ule. Alikuwa akisimama nje ya chumba cha zimamoto, anasikia nyundo za wahunzi anaowajua kwa majina, na mguu hautulii. Alizoea kuhesabu siku kwa vidole. Sasa mkono mmoja ulitosha na kidole kimoja cha mkono wa pili. Nyumbani vyungu vya majoko manne vilikuwa vimepangwa mpaka uani, hata pa kupita hapakuwepo. Usingizi ulimpaa. Alijilaumu, akamlaumu mama mkwe kwa kufa mapema, akarudi kujilaumu.

Siku hiyohiyo ya vidole sita bwana afya, ambaye alikuwa amelirudisha faili mezani kwake kwa ukaguzi wa tatu, aliliweka wazi dirishani ili moshi wa karai utoke. Ramrati akazunguka nje, akasimama juu ya tofali, akaita kwa sauti ya chini. Mustaqim akaja hadi kwenye pambizo la ukurasa. Alikuwa amekonda, na kapu lilikuwa tupu.

"Shemeji, hawa watu hawanunui," akasema. "Wanakagua."

"Sasa si utoke!"

"Nimejaribu. Nikifika ukingoni nakuta uzi wa faili. Wanasema kilichoingia humu ni mali ya serikali."

"Na wewe je?"

"Mimi nimeorodheshwa. Kiambatisho namba saba, mstari wa kumi na tisa, baada ya nyati." Akapunguza sauti. "Bangili za kioo nimeficha chache. Mwambie Sabiran asimuuze mbuzi. Mwambie... basi, mwambie hivyo tu."

Bwana afya akarudi, akafunga faili.

Ramrati alikwenda chooni nyuma ya ofisi, akalia. Alilia kwa hasira zaidi kuliko huzuni. Alipomaliza akanawa uso, akaomba karatasi kwa mwandika barua wa getini, akaandika kwa mkono wake kwamba yeye, mwombaji, anaondoa ombi lake la kufanya gulio, na kwamba watu na vitu vyote vilivyomo virudishwe. Alijua maana yake. Mwezi mpevu ungepita, na uwanja ungekwenda. Basi uende! Uwanja haujawahi kumwita mtu shemeji.

Sahay aliisoma barua kwa makini. Hakuwa mtu mbaya. Siku hizo alikwisha kuanza kumwagizia Ramrati chai.

"Una hakika, mama? Umehangaika sana na jambo hili."

"Nina hakika. Watu wangu watoke."

"Barua ya kujitoa lazima iambatanishwe kwenye faili lenyewe. Na faili liko kwa bwana afya."

"Likitoka kwake?"

"Litarudi zimamoto. Likitoka zimamoto, nitaiweka. Nakuahidi." Na ahadi aliitimiza. Siku moja kabla ya mwezi mpevu faili lilitoka zimamoto, Sahay akaiweka barua juu kabisa, akalipeleka mwenyewe kwa mkuu wa wilaya, Bwana Ahlawat.

Bwana Ahlawat alitoka mbali, alikuwa msomi, na jioni mbili mfululizo alikuwa amewapeleka wanawe kwenye bembea. Alilisoma faili lote tangu ukurasa wa kwanza, jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelifanya. Ramrati alisimama mbele ya meza, amekunja vidole vya miguu ndani ya kandambili. Mkuu akaandika uamuzi wake kwa mwandiko mzuri, kisha kwa heshima akamsomea.

"Gulio la Semrauni limekwisha kufanyika kwa muda wa siku kumi na sita, katika majengo ya ofisi, chini ya usimamizi wa ofisi, kwa amani na bila ajali. Kwa hiyo kibali hakihitajiki tena. Jambo lililokwisha kufanyika haliwezi kuondolewa, kwa hiyo barua ya kujitoa haina nafasi. Uwanja wa Semrauni haukutumika mwaka huu, ambao ni wa tatu. Faili lifungwe, lipelekwe masjala."

"Na watu walio ndani, mheshimiwa?"

"Faili likifungwa linafungwa na vilivyomo, mama. Ndiyo maana ya kulifunga." Akainua macho. "Lilikuwa gulio zuri sana. Hongera."

Kesho yake ukawa mwezi mpevu wa Magh. Tangu alfajiri watu walianza kufika, wa Semrauni na wa vijiji vingine kama arobaini, watoto wamepakwa mafuta na kuvishwa nguo za kufuliwa. Kifurushi kilikuwa kimefunguliwa kule, wangekwenda wapi? Wakakaa kwenye vumbi kando ya ukuta wa masjala, wakasikiliza. Ngoma zilikuwa zinalia. Bembea ilikuwa inazunguka. Baba mmoja alimpakata bintiye akawa anamweleza: huyo anayegonga ni mhunzi, huyo anayepiga kelele anauza sukari guru, hao ni nyati. Mtoto aliuliza ladha ya sukari guru ya gulioni, akaambiwa ni tamu. Mpaka adhuhuri baadhi yao walikuwa wanaondoka wakisema gulio la mwaka huu limefana.

Ramrati hakukaa. Alikuwa anatembea kutoka pembe hadi pembe ya ukuta, anahesabu sauti kama mtu anayehesabu mbuzi jioni, na kila mara zilikuwa zinapungua. Alimkuta Sabiran, mke wa Mustaqim, amesimama chini ya dirisha la masjala, lile lenye nondo, na mikate imefungwa kwenye shuka. Rafu za mafaili yaliyofungwa zilikuwa zinafika hadi dirishani.

"Nimemsikia," Sabiran akasema. "Anaita bangili. Sauti imekauka, hana hata wa kumpa maji."

"Nisamehe, mdogo wangu. Ni mimi niliyekitoa kile kifurushi."

"Najua ni wewe. Inama basi, niinue."

Ramrati akainama, akamnyanyua. Sabiran akapenyeza mikate kwanza. Mikate ikapokewa. Kisha akapenyeza mkono wake wa kushoto katikati ya nondo, akauacha humo. Ulikaa huko muda mrefu, mpaka mgongo wa Ramrati ukaanza kutetemeka. Huko ndani mtu alikuwa anaukanda ule mkono kama wafanyavyo wauza bangili: anakunja kidole gumba, anaminya vifundo kimoja kimoja, anasukuma kioo taratibu mpaka kipite. Sabiran alipoutoa ulikuwa na bangili kumi na mbili za kijani, zimebana sawasawa, bado zina joto.

"Vidole vyake vimekuwa mifupa mitupu," akasema, na hapo ndipo alipolia.

Mlinzi akapiga filimbi. Sahay akashuka ngazi na daftari kwapani, maana kitu kilikuwa kimetolewa masjala bila hati, na hesabu ya kiambatisho namba saba ilikuwa imepungua.

"Zivue, mama. Tuzirudishe, tusahau."

"Hazivuliki," akasema Sabiran.

Ilikuwa kweli. Bangili iliyovishwa na Mustaqim inajua njia moja tu. Kuitoa ni kuivunja, na kule kwao mwanamke huvunja bangili siku moja tu, siku anapoletewa habari kwamba mumewe amekufa.

"Nizivunje, nimzike mtu anayekula mikate yangu sasa hivi?"

Sahay akazitazama zile bangili. Mama yake mwenyewe alikuwa wa vijiji vya hukohuko, hakuhitaji kuelezwa. Akavua miwani, akaivaa, akapanda ngazi, akarudi na kitabu cha kanuni, akakipekua mbele yao huku jasho likimtoka kwenye baridi. Ilimchukua saa nzima. Mwishowe akapata kifungu, akaketi ngazini, akaandika:

"Mkono mmoja, wa kushoto, pamoja na bangili kumi na mbili za kioo, ni mali ya masjala. Anayeutumia anaruhusiwa kwenda nao nyumbani kwa matumizi ya kawaida. Uletwe kukaguliwa kila mwezi mpevu."

"Lazima awepo mdhamini," akasema. "Mtu anayejulikana na ofisi."

Alijulikana nani kuliko Ramrati? Hata benchi lilikuwa linamjua. Akatia sahihi. Sahay akagonga muhuri mara tatu, akapuliza wino ukauke, akamkabidhi karatasi kwa mikono miwili. Kilikuwa kibali cha kwanza ambacho mtu wa Semrauni alipewa na ofisi ile katika miaka mitatu. Ramrati akakisoma mara mbili, akitafuta kosa. Hakikuwa na kosa.

Wakarudi kwa miguu. Uwanjani malori yalikuwa yamekwisha kuingia, yanashusha kokoto, na watu wa ghala wanapiga kamba za msingi. Mmoja akawapungia. Ramrati hakusimama, wala Sabiran hakugeuka. Alikuwa anatembea polepole, ameubeba mkono wake wa kushoto kwa mkono wa kulia, kwa uangalifu, kama mtu aliyeazimwa kitu na wenyewe wanamtazama.